Mwenye Maneno na Mwenye Sauti

Kwenye taarabu ya harusi, hapa Micheweni kama kwengineko Zanzibar, usihangaike sana kumtazama mwimbaji. Mtazame anayeinuka kwenda kutuza. Beti mbili nzima atakuwa amekaa kimya, khanga mabegani, kisha unafika mshororo fulani naye anasimama. Anapita polepole katikati ya watu, noti imebanwa baina ya vidole viwili, anajitikisa kidogo, na macho yake hayako kwa yule anayemtuza. Yako pembeni, kwa mtu ambaye sote tunamjua na sote tunajifanya hatumjui. Noti ikishatua mkononi mwa mwimbaji, wimbo umebadilisha mwenyewe. Aliyeyaandika maneno yumkini amelala nyumbani kwake. Anayeyaimba yuko kazini. Aliyetuza ndiye anayesema.

Waandishi wa habari za muziki wana swali wanalolipenda: je, wimbo huu unatokana na maisha yako? Mwanamuziki naye, kwa kuwa swali amelizoea, hujibu ndiyo, nilikuwa nampenda mtu, akaniacha, nikaingia studio. Jibu halina kosa. Lakini kwa anayeusikiliza wimbo kutoka pwani hii, swali lenyewe limefupishwa mno. Linachukulia kwamba aliyeumia, aliyetunga, aliyetia sauti na aliyeimba ni mtu mmoja. Kwetu mara nyingi hao ni watu wanne, na wa tano ni yule mwenye noti. Nami nadai kwamba wingi huo wa mikono ndio uliozipa nyimbo zetu nguvu ya kubeba maisha ya mtu kwa ukweli kuliko ambavyo angeyabeba mwenyewe.

Vilabu vikongwe vya Unguja, Ikhwani Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905 na Culture Musical Club kilichokuja baadaye, viliugawa wimbo kama inavyogawanywa kazi. Huyu analeta shairi, yule analitafutia sauti kwenye udi, wenzao wanasikiliza na kukosoa, ndipo anapopatikana mwimbaji ambaye koo lake linalifaa. Shairi laweza kutoka kwa mwanachama, au kwa mtu wa nje asiyewahi kupanda jukwaani, aliyeliandika kwenye karatasi ya daftari na kulifikisha kwa mkono wa rafiki. Siku ya onesho jina lake halitajwi. Ukilitaja, ukumbi mzima utaacha kusikiliza na kuanza kupiga hesabu: amegombana na nani, mkewe yuko wapi siku hizi, mbona jirani yake hakuja. Kulisitiri jina ni adabu, na ni ujanja pia, kwa sababu mshairi aliyejificha husema mengi. Lugha nayo inamsaidia. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo shairi la mwanamume huingia kinywani mwa mwanamke bila kubadilishwa silabi.

Mtindo huu haukuanzia kwetu peke yetu. Taarabu ilipata mlezi katika kasri ya Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na Misri ndiyo iliyokuwa shule yake. Huko ndiko alikopelekwa Mohamed Ibrahim kujifunza kupiga kanuni. Misri hiyohiyo baadaye ilimtoa Umm Kulthum, ambaye Zanzibar ilimsikiliza kana kwamba kazaliwa mtaa wa pili. Mshairi Ahmed Rami alimwandikia zaidi ya nyimbo mia moja, na ilikuwa siri ya kila mtu kwamba alikuwa akimpenda. Hebu fikiri. Mwanamke anasimama mbele ya halaiki na kuimba shauku ambayo mwenyewe ni mwanamume aliyekaa ukumbini, na anayeshaukiwa ni huyohuyo anayeimba, kwa sauti iliyotiwa na mtu wa tatu kama Riad al-Sunbati. Maisha ya nani yamo humo? Msikilizaji wa Kairo hakuuliza. Aliyachukua akaenda nayo kwake.

Kwa upande wetu hakuna mfano unaoshinda wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba mwaka 1880, akafinyanga na kuuza vyungu, na wanaosimulia husema sauti yake watu waliijua kwanza katika kunadi bidhaa hizo. Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akajumuika na wanaume waliokuwa na ala na elimu ya kuzipiga: Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Maalim Shaaban, na Mbaruk Effandi Talsam, kipofu wa Mombasa. Nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, ndiko walikokuwa wakikaa kutunga, na habari za mji zikiingia mlangoni na kutoka zikiwa nyimbo. Wimbo wa Kijiti umetoka humo. Mwanamke mgeni aliyevuka kutoka Bara aliuawa Unguja, muuaji, yaani Kijiti, akatoroka, na adhabu ya mahakama ikawaangukia mashahidi. Siti hakuwa yule marehemu, wala hakuwa shahidi. Lakini alikuwa mwanamke asiye na ukoo wa kutajwa, katika mji ambao ukoo ulikuwa kila kitu, na alijua vizuri haki hugawiwa vipi kwa watu wa namna yake. Ndiyo maana kifo cha mtu mwengine kiliweza kukaa kooni mwake.

Halafu upo ule wimbo ambao ni wake kabisa. Wapinzani walimkejeli kwa sura yake na kwa alikotoka, wakaziimba kejeli hizo hadharani. Akawajibu kwa wimbo unaosema kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ni kukosa akili. Nikiwaza mchana ule kejeli ilipomfikia, namwona akiwa na hasira ya kutaka kuwataja mmojammoja kwa majina na kasoro zao. Na namwona mmoja katika wale wanaume akikung'uta udi na kumwambia: Bibi, ukiwataja watakuwa wakubwa. Hilo ni wazo langu tu. Lakini wimbo wenyewe unanipa sababu ya kuliwaza, maana hauna jina la adui hata moja. Mwaka 1928 kundi lilikwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, na sauti ya Siti ikafika katika vibaraza ambavyo hakuwahi kuvikanyaga. Kila aliyedharauliwa kwa sura aliweza kuuchukua wimbo ule na kuutumia. Siti alifariki mwaka 1950. Waliomkejeli wanakumbukwa kwa sababu yake yeye.

Bi Kidude, naye, aliziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni. Alipoaga dunia Aprili 2013, wengi wa vijana waliomlilia walidhani "Muhogo wa Jang'ombe" ni wasifu wake. Si kosa kubwa. Ukiuimba wimbo wa mwenzio kwa miongo kadhaa, na koo lako likatiwa kovu na sigara na safari za miguu, unakuwa umeulipia.

Pemba tuna ushahidi wetu wa zamani zaidi, na hauna udi wala fidla. Kamange, yaani Ali bin Said aliyefariki mwaka 1910, na Sarahani bin Matwar aliyefariki 1926, walikuwa marafiki na walikuwa washindani. Mmoja akitoa shairi, mwengine hujibu. Mashairi yao yamekusanywa katika "Kale ya Washairi wa Pemba", kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2011, na ukisoma majibizano yale unaona jambo ambalo katika diwani ya mtu mmoja halionekani. Kamange anajieleza, kisha Sarahani anamweleza Kamange. Mtu anapata picha yake kutoka kwa anayemjua na asiyemwogopa. Kuna washairi wengi wa leo ambao kitu pekee wanachokosa ni Sarahani wao.

Kujibizana huko hakukuwa mali ya wanavyuoni tu. Kibati, ngoma ambayo Pemba ndiko kwao, huendeshwa na waimbaji wawili au watatu wanaorushiana maneno papo hapo, kwa kasi ambayo mgeni hudhani wanagombana, huku ngoma ikikimbia na wachezaji wakiitikia. Hakuna karatasi. Kinachoimbwa ni kilichotokea juzi: mbuzi aliyeingia shamba la mtu, posa iliyorudishwa, aliyerudi kutoka Unguja na suruali mpya na mikono mitupu. Vijana wanaosema muziki wa kufokafoka umetoka Marekani nawashauri wasikilize kibati kimoja kisha turudi kwenye mazungumzo. Na humo ukijisifu kwa usilolifanya, mwenzio anakudaka kabla ya kiitikio. Uongo juu ya maisha yako mwenyewe hauishi dakika mbili mbele ya watu wa kijiji chako.

Sasa niseme juu ya upande huu wa kaskazini mashariki, kwa sababu ndiko ninakotaka msomaji asimame. Mikarafuu na vilima vyenye rutuba viko zaidi magharibi ya kisiwa. Micheweni, Kiuyu na Maziwa Ng'ombe ardhi ni ya mawe, jembe hulia kabla ya kuingia, na tafiti za bajeti za kaya zimeitaja wilaya hii mara kwa mara kuwa miongoni mwa masikini zaidi Zanzibar. Kwa hiyo watu wanaelekea baharini. Wanaume, hasa wa Tumbe na vijiji jirani, huenda dago, wakipiga kambi za uvuvi mbali na kwao, hata pwani ya Kenya, miezi na miezi. Wanawake wana mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, na sehemu kubwa ya mavuno ya nchi hutoka Pemba. Bamvua likija maji yanatoka mbali, nao wanashuka na vigingi, kamba na taitai za kufungia, wanainama saa nyingi wakifunga vipande vya mwani kimoja baada ya kimoja, na wanazungumza.

Huko ndiko nyimbo nyingi zinakoanza, na hazianzi kama nyimbo. Zinaanza kama umbea. Mmoja anasema mumewe kaenda dago tangu kaskazi, msimu umepinduka, wenzake wamerudi na yeye hakurudi, na kuna neno kwamba kaoa huko. Anayasema akiwa ameinama, kwa sentensi zilizokatikakatika, na matusi mawili matatu ndani yake. Anayemsikiliza ana kipaji. Habari inakaa naye, pengine wiki, pengine mwaka. Siku moja harusini au ngomani inatoka na sura nyengine. Nitatunga mfano wangu ili nieleweke:

Jahazi latia nanga, bandari si ya nyumbani,
Na tanga lake lapunga, kwa upepo wa wageni.

Mizani minane kwa minane, vina viwili. Tazama kilichopotea: jina la mume, jina la mji, jina la mwanamke wa huko, matusi, na ile sauti ya mtu anayejihurumia. Hapana nafasi ya kuvitia vyote, mizani imekataa. Na tazama kilichobaki: kwamba ameonekana mahali ambapo hakupaswa kutua, na kwamba anafurahi. Hilo la mwisho mwenye maumivu asingelisema. Angesema ni mkatili, kasahau watoto. Aliyeyasikia kutoka nje ndiye anayeweza kuona kuwa tanga linapunga, kwamba mume yule huko aliko ana raha, na kwamba hapo ndipo panapouma. Mwenye kisa akiusikia wimbo, anajijua, na anajua pia kitu ambacho hakukijua alipokuwa akilalamika. Ananyanyuka kwenda kutuza kwa noti ambayo ilikuwa ya mchele.

Ushirikiano wa kutunga, kwa maana hii, ni zaidi ya kusaidiana vina. Mtu wa pili anafanya kazi tatu ambazo wa kwanza hawezi kujifanyia. Anapunguza. Anasitiri. Na anamwona mwenziwe kutoka upande ambao mwenyewe hajioni. Anayeimba kidonda chake kibichi, peke yake, aghalabu anatuimbia ripoti ya polisi: tarehe, mahali, jina la mtuhumiwa.

Kusitiri kuna uzito zaidi mahali hapa kuliko kwengine. Mwishoni mwa Januari 2001 risasi zilipigwa Pemba, Micheweni ikiwemo, katika maandamano yaliyofuata uchaguzi wa mwaka uliotangulia. Watu wakafa. Zaidi ya elfu mbili walipanda madau na mashua wakavuka hadi Shimoni, Kenya, ambako kutoka hapa ni karibu kuliko mjini Unguja. Msiba wa ukubwa huo katika nchi nyengine ungezaa albamu nzima zenye majina na picha. Hapa ukaingia katika nyimbo kwa njia ya mafumbo: mawimbi, kivuko, mgeni aliyekula akavunja sahani. Fumbo likitungwa na mmoja, likatiwa sauti na mwengine na kuitikiwa na ukumbi mzima, hapana wa kukamatwa. Wapo wanaoliita jambo hili woga. Mimi naliita kinga, ingawa nakubali kwamba kinga ikizidi inakuwa usahaulifu: mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima, na mawimbi katika wimbo kwake ni mawimbi tu.

Hapo ndipo ninapoanza kugombana na mila yangu. Jina lililositiriwa kwa wema lina tabia ya kutorudi. Mombasa wameonyesha kwamba jambo hili halikuwa lazima. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliyaimba mashairi ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, na mpenzi yeyote wa taarabu ya Mombasa atakutajia wote wawili kwa pumzi moja. Zein l'Abdin alipiga udi na Sheikh Ahmed Nabhany akampa mashairi, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa Zein amepungukiwa kwa sababu hiyo. Kinyume chake, kuujua mkono wa Nabhany kunatufanya tumsikie Zein vizuri zaidi: wapi ameufuata ushairi, wapi ameuacha udi useme yale ambayo shairi halikuyataka.

Na vijana? Wanaorekodi leo wilayani humu wana simu, biti la kununuliwa na chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, na wana neno "kolabo" ambalo wanalipenda kuliko "ushirikiano". Wengi wanatunga vizuri. Lakini kolabo ya siku hizi ni majirani wawili wanaopeana zamu kwenye kipaza sauti. Huyu ana ubeti wake, yule ana ubeti wake, na hakuna anayegusa mstari wa mwenzake. Wote wawili wanasema "mimi". Sioni ubaya wa kusema mimi. Ninachokitafuta ni yule anayekatiza na kusema ndugu yangu, hapa unajihurumia, futa. Studio haina mtu huyo kwa sababu saa ya studio inalipiwa, na kujihurumia kunauza. Nimewahi kumsikia kijana wa Wingwi akiimba juu ya baba yake mvuvi kwa maneno ambayo bibi yake angeyanyoosha kwa dakika tano akiwa anapepeta mchele. Bibi yuko chumba cha pili. Hakuulizwa.

Aulizwe. Sisemi hivi kwa kuwahurumia wazee, nasema kwa faida ya nyimbo. Katika nyumba nyingi za Micheweni, Konde na Shumba yupo mtu anayejua mizani bila kujua kuwa anaijua, ambaye amewatungia harusi wenzake tangu ujana wake na hajawahi kuona jina lake limeandikwa popote ila kwenye daftari la wapiga kura. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamtambua mtunzi wa maneno kuwa mwenye kazi yake, lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hata wajukuu hawajui kama ndiye aliyetunga.

Watangazaji wa Radio Jamii Micheweni, nanyi wa redio nyengine, mkipiga wimbo tajeni majina mawili: aliyeimba na aliyetunga. Kama la pili hamlijui, semeni hewani kwamba mnalitafuta. Kijiji kitapiga simu. Kijana unayeingia studio Ijumaa, Alhamisi mpelekee maneno yako mtu mmoja anayekujua na asiyekuogopa, na akifuta mstari, uache umefutika. Nawe msomaji, harusi ijayo ukisikia ubeti uliokuingia, tuza kwanza, ni haki ya mwimbaji. Kisha muulize katunga nani, na uliandike jina hilo.